Hujajua Usome Nini? Usiiguse Fomu Bado

Kutojua usome nini chuo kikuu si ugonjwa. Vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita hapa Nkoma, Lagangabilili na Bariadi hawajui, na wengi wanaosema wanajua wanarudia tu walichosikia nyumbani. Kinachoniudhi ni kingine. Kijana ana ufaulu mzuri, halafu anapoteza mwaka mzima kwa kosa ambalo nusu saa ya kusoma maelekezo ingelizuia. Ofisi ya taaluma inayaona makosa hayohayo kila Julai, na kila Julai mwenye kosa anadhani ni yeye wa kwanza.

Elewa kwanza mfumo ulio nao. Marekani mwanafunzi anaweza kudahiliwa bila kutaja fani, akaonja masomo, akaamua mwaka wa pili. Kwetu hakuna kitu hicho. Fomu inadai jina la kozi: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Ukidahiliwa uhasibu, wiki ya kwanza unasoma uhasibu. Tena hukuanza kuamua leo. Ulianza kidato cha nne ulipojaza tahasusi kwenye Selform, pengine kwa kumwangalia jirani yako wa dawati. Kwa hiyo hiyo "sijaamua" yako ina mipaka tayari. Ijue, kisha uamue ndani yake.

KABLA YA MATOKEO

Fanya

Soma mwongozo wa udahili wa TCU. Tume ya Vyuo Vikuu huutoa kila mwaka kwenye tovuti yake, bure: kila chuo, kila kozi, miaka ya kusoma, masharti ya kuingia na idadi ya nafasi. Ipo miwili, mmoja wa waliomaliza kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada. Chukua wa kwako. Mtu anayeomba bila kuusoma anabahatisha, na ada ya maombi hairudishwi.

Tenga hela mapema. Msimu wa pamba hufunguliwa Mei, na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika, yakiingia nyumbani kila mtu ana mpango nayo. Mwambie baba mapema, kwa adabu, kabla hela haijageuka bati au ng'ombe: "Baba, naomba tutenge ya maombi ya chuo na ya vyeti." Ukiomba Agosti utaambiwa imekwisha, na hutakuwa umedanganywa.

Panga nani ashike mambo yako ukiwa JKT. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na ukiitwa kwenye mafunzo ya mujibu wa sheria yanaweza kukukuta kambini, ambako hukai na simu utakavyo. Nakala za vyeti ziache kwa mtu mmoja anayejua kusoma ujumbe na kuutunza. Mmoja, si ukoo mzima.

Usifanye

Usiseme "nitajua matokeo yakitoka". Matokeo yatakuambia umepata B ya Jiografia. Hayatakuambia unataka kuamka asubuhi ufanye kazi gani. Dirisha la udahili hufunguliwa muda mfupi baadaye, na wiki hizo chache si za kuanza kufikiri. Ni za kutekeleza ulichokwisha kufikiri.

KUCHAGUA KOZI

Fanya

Anza kwa kufuta. Usijiulize unapenda nini. Swali hilo limewashinda watu wazima. Jiulize kwanza usiyoweza kuomba. Umesoma PCB bila hisabati ya juu? Futa kozi nyingi za uhandisi. Umesoma CBG? Futa udaktari wa binadamu, maana unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Kila mwaka kuna wa CBG anayejaza udaktari machaguo yote kisha analia kwamba mfumo umemwonea. Mfumo haukumwonea. Hakusoma ukurasa mmoja.

Hesabu pointi zako kwa njia sahihi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni masomo mawili uliyofaulu yenye jumla ya pointi 4, na hayo mawili yawe yale kozi inayoyataka. General Studies haikusaidii hapo. Kisha rudi kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa sababu kozi nyingi zinaangalia hisabati ya huko, na F yako ya kidato cha nne haikufutika kwa sababu uliisahau.

Tofautisha kiwango cha chini na ushindani. Kuwa na D tatu za PCB kunakuruhusu kuomba udaktari. Hakukupi nafasi Muhimbili, ambako wenye A wanapangiana foleni. Weka chaguo moja la juu, moja la saizi yako, na moja ambalo hata mambo yakiharibika utalipata na utakubali kulisoma. Hilo la tatu ndilo vijana hulijaza wakisinzia, na ndilo wengi wao huishia kulisoma.

Waulize wanaofanya kazi yenyewe. Huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Afisa ugani wa kata yupo. Mhasibu wa AMCOS yupo, muuguzi wa zahanati yupo, hakimu wa mahakama ya mwanzo yupo, na askari wa Pori la Akiba la Maswa hupita barabara hiihii. Nenda na swali la maana. "Kazi hii ina faida?" si swali. Muulize jana alifanya nini tangu asubuhi mpaka jioni. Muulize alisoma miaka mingapi na ni nani anayeajiri. Muulize kama angeanza upya angesoma hiyohiyo. Binti aliyetaka uuguzi kwa sababu ya sare alikaa kutwa moja zahanati na akarudi akiwa na mawazo tofauti kabisa. Kutwa hiyo ilikuwa ya bure.

Chagua kozi yenye mlango wa pili. Hili ndilo la msingi kwako usiyejua, hivyo nitakaa hapa kidogo. Kama huna uhakika, kimbia kozi nyembamba sana. Shahada ya sayansi na ualimu yenye Hisabati na Fizikia inakupa darasa, lakini pia inakuachia hisabati ambayo unaweza kuipeleka kwenye takwimu au kompyuta ukisoma zaidi. Takwimu inatakiwa wizarani, benki na kwenye utafiti wa kilimo. Kozi za kilimo na mifugo za SUA pale Morogoro zinakupeleka serikalini, kiwandani, au shambani kwako, na mtoto wa mkoa wa pamba na ng'ombe hapaswi kuzidharau kwa sababu tu babu yake alilima bila cheti. Wanyamapori nako kuna Mweka, kile chuo cha karibu na Moshi kilichoanza 1963, na kuna Pasiansi pale Mwanza kwa ngazi ya chini ya shahada. Nyumbani kwako ni jirani na Serengeti, na bado watu wanaona hiyo ni kazi ya wageni.

Hesabu miaka yote, si ya darasani tu. Udaktari ni miaka mitano na mwaka wa mazoezi kazini baada yake. Shahada ya sheria haikufanyi wakili; baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na huko nako ni ada. Uhasibu bila mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, utakuacha nje ya vyumba vingi. Ualimu ni miaka mitatu, lakini cheti hakikupi ajira siku ya mahafali: siku hizi walimu nao hufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira. Mweleze mzazi hesabu hii nzima kabla hajauza ng'ombe wa kwanza. Ukimweleza nusu, ya pili utaieleza ukiwa mwaka wa nne, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Usifanye

Usichague jina la kozi kwa urefu wake. Kozi yenye maneno matano kichwani si lazima iwe na kazi tano mbele. Fungua orodha ya masomo yanayofundishwa mwaka wa kwanza. Kama hata moja hulifahamu na hakuna linalokuvuta, liache jina hilo lipendeze kwenye karatasi ya mwingine.

Usimfuate rafiki. Mlilala bweni moja. Hamna akili moja wala pointi moja. Yeye akidahiliwa, wewe ukaachwa, atakuaga vizuri tu.

Usijaze ya baba ukiwa na ya kwako moyoni. Najua mila. Najua pia kwamba anayeuza mifugo ana sauti, na ni haki yake. Lakini kusema "ndiyo baba" mezani kisha kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kumweleza ukweli Juni. Kama huwezi kumkabili peke yako, mtangulize baba mdogo au mjomba anayesikilizwa. Nenda na karatasi: kozi, miaka, ada, mwajiri. Wazee wa huku wamekuwa wakibishana bei ya pamba maisha yao yote. Wanaheshimu mtu aliyekuja na hesabu.

Usikimbilie Dar es Salaam kwa sababu ni Dar es Salaam. Mwanza ipo, na ina Nyegezi kwa SAUT na Bugando kwa tiba. Dodoma ipo. Kodi ya chumba ukikosa hosteli ni sehemu ya uamuzi wa kozi, hata kama hakuna anayekuambia hivyo.

FOMU NA SIMU

Hapa ndipo hasara nyingi hutokea, na ni hasara za kijinga. Sitapunguza ukali.

Fanya

Tumia namba yako ya simu, iliyosajiliwa kwa jina lako, ambayo utakuwa nayo mpaka Desemba. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo anachokwenda. Asipothibitisha ndani ya siku zilizotangazwa, nafasi inaweza kumponyoka akiwa ameshachaguliwa kote.

Andika mwenyewe nywila yako, kwenye daftari, nyumbani. Ujumbe usipofika, unaweza kuingia kwenye akaunti yako ya chuo na kuomba namba hiyo itumwe tena. Lakini huingii bila nywila.

Linganisha majina kwenye vyeti vyote, herufi kwa herufi. Huku kwetu hili ni balaa la peke yake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cha kidato cha nne kinasema Mwandu, kitambulisho cha NIDA kimedondosha jina la babu. Kwa bibi yako ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu. Anza kurekebisha miezi mingi kabla, kwa kiapo au kwa njia ambayo ofisi husika itakuelekeza. Wiki ya mwisho ya dirisha si wakati wa kutafuta wakili Bariadi mjini.

Usifanye

Usimwachie mtu wa steshenari maisha yako. Ana kazi yake, na wengine wanaifanya vizuri. Mlipe akupigie chapa na akupe intaneti. Lakini kaa kwenye kiti, soma kila kisanduku, bonyeza mwenyewe. Wapo wanaoweka namba yao ya simu kwa vijana kumi "ili isisumbue". Kijana mmoja wa kata ya jirani alichaguliwa vyuo viwili. Ujumbe wa siri ukaingia kwenye simu ya steshenari, mwenye simu alikuwa msibani Maswa, na nywila alikuwa nayo yuleyule. Siku za kuthibitisha zikaisha. Huyo kijana ana Daraja la Kwanza.

Usiseme "nijazie yoyote inayokubali". Atakujazia. Utaisoma miaka mitatu.

Usitoe hela kwa kishoka. Mtu anayedai ana "mtu wake" TCU au chuoni wa kukuingiza ni mwizi, hata kama ni ndugu wa shemeji. Tangu mwaka 2017 maombi ya shahada yanapelekwa moja kwa moja vyuoni. Hakuna dirisha la nyuma la kulipia. Malipo halali yanakuja na namba ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Na anayekuuzia chuo cha nje ya nchi, muulize TCU kama inakitambua kabla hujampa hata ya soda.

MKOPO

Fanya

Omba mkopo kama kazi ya pekee. Udahili ni vyuo na TCU. Mkopo ni Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na fomu yake ni nyingine. Mwaka 2024 dirisha la mkopo lilifunguliwa Juni, na matokeo ya kidato cha sita yakatoka Julai. Aliyesubiri chuo kwanza alianza akiwa amechelewa.

Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA mapema. Tafuta mdhamini mwenye kitambulisho. Pata saini ya serikali ya kijiji na ya kamishna wa viapo. Kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo; kama kaya yenu iko TASAF, ushahidi wake. Umaskini usio na karatasi hauhesabiwi, hata kama kijiji kizima kinaujua.

Kama umefaulu sayansi kwa kiwango cha juu sana, soma masharti ya Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/2023 kwa kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Usiyejua usome nini na una A za PCM, ujue kwamba ukienda kozi nyingine unauacha mezani. Uache kwa kujua.

Usifanye

Usichague kozi kwa ajili ya boom. Fedha ya chakula na malazi inaliwa na kuisha; kozi inabaki. Na mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa mpaka uishe.

Usidanganye kwenye fomu. Usimuue baba aliye hai kwa karatasi. Wapo waliojaribu.

UKIWA BADO HUJUI KABISA

Fanya

Fikiria stashahada bila aibu. Mwenye stashahada ya GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada inayohusiana, na ataingia akiwa ameshaijua kazi. Bodi ilianza mwaka 2023/2024 kuwakopesha pia wa stashahada katika fani kadhaa za kipaumbele, zikiwemo afya, kilimo na mifugo.

Subiri mwaka mmoja kama una kazi ya kufanya ndani yake: kufundisha kwa kujitolea, kufanya kazi kwa fundi, kuweka hesabu za AMCOS.

Usifanye

Usisubiri kwa kukaa kijiweni. Mwaka huo utakuacha hujui vilevile, ila na ndevu.

UKISHAFIKA CHUONI

Fanya

Ukigundua wiki ya kwanza kwamba umekosea, nenda ofisi ya udahili wiki hiyohiyo. Kuhama kozi kunawezekana mwanzoni mwa muhula wa kwanza, kama kuna nafasi na una sifa za kozi unayoitaka. Kuhama chuo nako kuna dirisha lake, linalotangazwa na TCU. Yote mawili yana siku za mwisho.

Usifanye

Usinyamaze. Wanaonyamaza hupata sapu, kisha hukeri, kisha hudisko, na nyumbani Nkoma habari hufika mwishoni kabisa, pamoja na begi.

Usihame bila kuiarifu Bodi ya Mikopo kupitia ofisi ya mikopo chuoni. Hela iliyopangwa kwa kozi ya zamani haikufuati yenyewe, na ada ya kozi mpya itadaiwa kwako wewe.